Nani humwuliza mwokoaji kama amelala?

KAPATA, Kolwezi – Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka ndani ya mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi, ukafukia wachimbaji wa mikono. Zaidi ya 40 walikufa. Hesabu ya maiti ilitangazwa redioni. Ya wale walioibeba miili, ni nadra kuisikia.

Katika mtaa kama Kapata, wenye familia nyingi za wafanyakazi wa migodi, mwuguzi si mgeni. Akifunua turubai, anaogopa kuona uso anaoujua: mtoto wa jirani, shemeji, kijana wa kwaya yake. Wageni hurudi kwao. Yeye hubaki, na kesho atakutana na mama wa marehemu sokoni.

Woga huo hauko migodini tu. Jioni ya tarehe 4 Mei 2023, kule Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilifurisha mito ya Kalehe. Maji na mawe yalisomba Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Hospitali ya Panzi ya Bukavu ilituma timu ya waganga. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walitoa maiti ndani ya tope na kuzika. Wengi wa wajitolea wa namna hiyo ni watu wa maeneo yaleyale: wanaokoa huku wakitafuta habari za ndugu zao.

Kazi ikiisha, ndipo shida inapoanza. Usingizi unakatika. Simu ikilia usiku, moyo unadunda. Nyumbani, neno dogo linaleta hasira. Huku Lualaba, mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka, udongo wa mashimo hulegea, na mwokoaji husikia mvua juu ya bati kama wito wa kazi. Wengine hujificha kwenye pombe. Wengi hunyamaza, kwa sababu mganga anayesema "naogopa" huchekwa.

Si udhaifu. Ni mwili unaokumbuka. Wengi hupona wakipata pumziko na watu wa kuwasikiliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unafundisha mambo matatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha mtu na msaada. Unataka pia wasaidizi wenyewe watunzwe, na hakuna anayelazimishwa kusimulia aliyoyaona.

Hayo hayadai jengo jipya. Watu wafanye kazi wawiliwawili, wabadilishane zamu, walipwe posho yao kwa wakati. Anayeendelea kukosa usingizi kwa majuma apelekwe kwa mtaalamu bila aibu.

Kabla ya mvua, vituo vya afya huhesabu glavu, dawa na machela. Vihesabu watu pia: nani alibeba maiti mara ya mwisho, na je, tangu siku ile analala?