Mtunza Nyaraka wa Kipili

Zimebaki siku nne asafiri, na sanduku lake limekwisha kufungwa. Jioni hukaa barazani kwa mama yake, Kipili, akiwatazama wavuvi wakisukuma mitumbwi majini kwenda kuvua dagaa. Aendako ni London, na huko atakaa mwaka mzima akisoma majalada ya Tanganyika ambayo Waingereza waliondoka nayo.

Habari ya majalada hayo inajulikana. Mwezi Mei 1961 waziri wa makoloni aliagiza kwamba karatasi ziwezazo kuiaibisha serikali ya Malkia zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Nyingine zikatiwa moto, nyingine zikasafirishwa kwa siri. Zilifichwa kwa takriban miaka hamsini, hata wazee wa Mau Mau walipoishitaki Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, na mwaka 2011 ikakiri kuwa inazo. Zikafunguliwa kwa mafungu huko Kew, tangu Aprili 2012 hadi Novemba 2013.

Angeweza kwenda na hasira, na wenzake walimuaga kwa hasira hiyo: nenda ukatusomee vya kwetu. Lakini yeye analo lake moyoni. Kazi ya mtunza nyaraka, jambo wasilolijua wengi, kwa sehemu kubwa ni kutupa. Masijala hujaa, mchwa na unyevu havingoji, ndipo mtu huketi akapitia jalada moja moja na kuamua lipi lihifadhiwe na lipi liteketezwe. Sheria ya mwaka 2002 iliweka utaratibu, na utaratibu ni jambo jema, ila hausomi barua. Aliyezisoma, kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa yeye.

Lipo jalada moja lisilomtoka. Lilikuwa na barua za watu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Mmoja alilalamikia nyavu zilizochukuliwa, mwingine aliomba kibali cha kuuza chumvi. Mjane mmoja aliuliza habari za mumewe, aliyepanda Liemba na asirudi. Barua yake iliandikwa na karani wa kulipwa, kwa Kiswahili cha kupendeza chenye salamu ndefu, na chini yake alama ya dole gumba. Aliisoma mara mbili. Jedwali lilisema barua za watu binafsi haziwekwi. Akatia saini, na moto ukawashwa nyuma ya jengo.

Liemba yenyewe haikupungukiwa na wa kuikumbuka. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikaanza tena safari Mei 1927. Tarehe zote hizo anazo kichwani. Harufu ya moshi wa siku ile anayo pia. Jina la mjane hana.

“Huko kuna nini cha kusoma mwaka mzima, mwanangu?”

“Barua, mama.”

“Za nani?”

“Za mabwana shauri, zaidi.”

Mama akanyamaza, akiendelea kuchambua maharage. Binti akaingia ndani, akafungua sanduku lililokwisha kufungwa, akatoa daftari moja kati ya yale aliyonunua kwa ajili ya safari. Akamuuliza mama yake ni wanawake gani wa hapa ambao waume zao waliondoka na meli na hawakurudi.

Mama akataja watatu, na akina mama zao. Wa nne alimkumbuka kwa jina la mumewe tu. Ziwani taa za wavuvi zilikuwa zimeanza kuwaka.