Kengele za Kichwani

Kama ungeniona siku ile, ungenicheka. Mimi mwalimu wa sayansi, nilikimbia kutoka darasani kwangu. Mtoto mmoja alianguka kifafa, povu ikamtoka kinywani, nami nikaogopa povu ile. Wasichana wawili tu walibaki naye.

Nilisikia haya. Mtoto mwenyewe hakurudi tena masomoni; nyumbani walisema atauza mboga sokoni. Nikaenda kuuliza munganga, kisha nikarudi kwa wanafunzi.

Niliwaambia: “Baba zenu wanajua. Ndani ya mgodi, mtu wa chini anapiga kengele, yule wa juu anasikia, mashine inavuta. Sasa kengele zote zilie pamoja, mashine itafanya nini?”

“Itachanganyikiwa!”

Basi, ubongo ni vile. Una chembe karibu miliari 86, nazo zinatumiana habari kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924, Munganga Hans Berger wa Ujerumani alipima umeme ule kwa mtu. Wakati wa kifafa, chembe nyingi zinapiga kengele mara moja, na mwili unatetemeka.

Kijana mmoja akasimama: “Mwalimu, shi banasemaka povu inaambukizaka?”

Hapana. Ni mate tu, maana wakati ule mgonjwa hamezi vizuri. Mwingine akauliza: “Na pepo?” Swali lile sikulitayarisha. Nikajibu kwamba dawa ya kila siku inatuliza zile kengele, na kwamba wagonjwa 7 katika 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Yule kijana alinitazama sana, akakaa.

Kisha tulijaribu wenyewe, mmoja akilala chini. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo chini ya kichwa, mgeuze ubavu. Usimshike kwa nguvu. Usitie kijiko kinywani (mimi pia niliamini kijiko!). Tazama saa: ikipita dakika 5, mpeleke hospitali.

Nilifikiri nitakwenda mwenyewe kusema na wazazi wake. Wale wasichana wawili walinitangulia. Nilipofika, walikuwa wamekaa na bibi yake kwenye mkeka, mmoja anagonga sufuria kwa kijiko: “Kengele moja, mukono inainuka. Yote pamoja, unaona, Nkambo?” Nkambo akacheka, akaomba wagonge tena.

Jumatatu mtoto alirudi, na karatasi ya dawa ndani ya daftari. Anakaa benchi ya mbele. Sweta ya kuweka chini ya kichwa chake inatundikwa kwenye kiti changu.