Ukimya Mbele ya Ofisa

Kwa mtu wa Nyamahanga, katika pande za Ngara na Biharamulo, magharibi si neno la kitabuni. Ni upande jua linakotua, nyuma ya vilima vya Rwanda na Burundi, na ndiko watu walikotoka wakikimbia. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Kuanzia 2007, maelfu ya Warundi waliokimbia kwao 1972 walichukuliwa kutoka makambi ya Tanzania wakapelekwa Marekani. Hivyo magharibi ya pili, ile ya ndege na baridi, ilitanguliwa na meza, karatasi na maswali: jina lako nani, umetoka wapi, kwa nini hurudi kwenu?

Msomaji aliyeijua meza ile hapotei akiifungua riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea, ya mwaka 2001. Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Unguja, atua Gatwick na pasi yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, naye hatamki ila neno moja moja la kuomba hifadhi. Basi ofisa wa uhamiaji asema peke yake, tena asema mengi, mbele ya mtu anayefahamu kila neno. Ofisa mwenyewe ni mwana wa wahamiaji, lakini amwambia mzee kwamba hapo si mahali pake. Kisha akitwaa kijisanduku chake cha udi.

Ustadi uko hapo. Mwandishi hamwiti ofisa mwizi, wala haitukani Uingereza. Amemnyima mzee ulimi, akamwachia ofisa uwanja mzima, na msomaji akawa shahidi. Lililo chungu zaidi ni kwamba mtu huyu anakificha Kiingereza ndani ya kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Wapo wasemao kuwa Gurnah, aliyeiacha Zanzibar akali kijana baada ya mapinduzi ya 1964 na kupewa Tuzo ya Nobel 2021, angaliandika kwa Kiswahili. Dai hilo lina haki yake. Ila kwa Kiswahili ukimya wa Saleh Omar usingaliuma hivyo.

Adam Shafi ameshika njia nyingine katika Mbali na Nyumbani, kitabu cha 2013. Kijana aondoka Unguja kutafuta elimu Ulaya, na safari yake yasimuliwa kwa ulimi wa barazani, wenye mzaha. Msomaji wa haraka atadhani safari yasifiwa. Mwenye subira ataona kwamba Ulaya yazidi kurudi nyuma kila mpaka unapovukwa. (Hotuba za kuwakemea vijana waondokao hazijamzuia hata mmoja, huenda ndiyo sababu waandishi hawa hawakuhutubu.)

Tena Gurnah hakumwacha mzee wake bubu. Kwa kuwa mzee hasemi, wasimamizi wake Waingereza wamtafuta mtu ajuaye Kiswahili. Apatikana Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu London, aliyekuja Uingereza kwa kupitia Ujerumani Mashariki. Jina lililo katika ile pasi ni la baba yake Latif. Wakutana katika mji mdogo wa pwani, na siku baada ya siku wazungumza habari za nyumba iliyopotea Unguja, wakishindana ni nani aliyemdhulumu mwenziwe.