Wanaouza makao ya wazee wazungumze na wazee

Biashara ya makao ya wazee inaota mizizi polepole hapa nchini, na pamoja nayo yamekuja matangazo. Zamani, mtu akitaja nyumba ya wazee, wasikilizaji waliwafikiria wale wasio na mtoto wala jamaa, waliookolewa na wahisani au na masista. Siku hizi Nairobi na viungani mwake yapo makao ya kulipiwa kila mwezi, yenye bustani, wauguzi na gari la kuwapeleka watu hospitalini. Wenye makao hayo wanatafuta wateja kama mwenye shule ya kibinafsi anavyotafuta wanafunzi.

Mimi siwalaumu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 waliotimiza umri wa miaka 60 na zaidi hapa Kenya. Watoto wa wengi wao wamo mijini wakihangaikia mkate, na wengine wako ng'ambo. Nyumba za kupanga tunazoishi ni finyu, ngazi ni nyingi na lifti hakuna. Haja ipo, na penye haja hapakosi mwenye kuuza. Swali langu ni moja tu: anayetangaza makao ya wazee huwa anazungumza na nani?

Swali hili nililipata kwa mama yangu mzazi.

Mama ana umri wa miaka 79. Alifundisha katika shule za msingi kwa miaka 34, na mpaka leo akipita sokoni Voi huitwa Mwalimu hata na watu wenye mvi. Tangu baba alipoaga dunia mwaka 2016, anaishi na msichana anayemsaidia kazi za nyumbani. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika mkono, nasi watoto wake wanne tukaanza kuitana vikao. Kitindamimba wetu, ambaye anafanya kazi Doha, alisema mama apelekwe kwenye makao mazuri Nairobi na kwamba yeye angelipa nusu ya gharama. Kaka yetu mkubwa aliwaka: "Watu watasema tumemtupa!" Dada aliye Mombasa alisema mama aende kwake, lakini sote tunajua kwamba dada ana vyumba viwili na watoto watano.

Vikao vitatu vilipita na mwenye maisha yake hakuwa ameulizwa lolote. Nikaona si haki kumjadili mama kama ng'ombe wa mahari ilhali yu hai na akili zake timamu. Nilichukua kijitabu cha makao mamoja, ambayo sitayataja jina, nikampelekea Voi nikamwambia, "Mama, soma hiki, kisha utueleze unavyoona."

Alikaa nacho siku mbili. Aliponirudishia, nilikuta amekisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akisahihisha insha zetu. Kila mahali palipoandikwa "mzazi wako" alikuwa amepiga mstari, na pembeni akahesabu: mara 11. Penye ahadi ya "amani ya moyo" aliandika, "Ya nani?" Kulikuwa na picha ya bibi kizee ameketi kitini akitazama dirishani, huku muuguzi kijana amemwekea mkono begani. Chini yake mama aliandika, "Anasubiri nini?" Ukurasa wa mwisho alitoa alama 3 kwa 10 na maoni ya mwalimu: "Mwandishi hamjui msomaji wake."

"Mwanangu," akaniambia, "humu naahidiwa kulishwa, kuogeshwa na kulindwa. Hata ng'ombe wa kufungiwa zizini huahidiwa hayo. Sijaona mahali wanaponiambia nitafanya nini Jumanne asubuhi."

Msomaji, maneno hayo yamenikaa kichwani kwa miezi mingi. Mama hakusema kwamba hataki kuhama. Alisema tu kwamba katika kurasa 8 za kijitabu kile hapakuwa na hata sentensi moja iliyomsemesha yeye. Muuzaji alikuwa anazungumza nasi watoto, kwa sababu anajua sisi ndio wenye pochi, na anajua kwamba mtoto aliye mbali ana hatia moyoni inayotafuta mahali pa kutuliwa. Kwa hesabu ya leo huo ni ujanja mzuri. Lakini mzee aliyepelekwa mahali bila kusemeshwa atalia kwenye simu kila jioni, na baada ya mwezi mmoja atarudishwa nyumbani. Hapo muuzaji amepoteza mteja na familia imepoteza fedha na amani.

Wamarekani walilikabili jambo hili zaidi ya miaka 60 iliyopita. Kulikuwa na mtu aitwaye Del Webb, seremala aliyeinukia kuwa mwanakandarasi mkubwa na mmoja wa wenye timu ya besiboli ya New York Yankees. Tarehe 1 Januari 1960 alifungua mji mpya, Sun City, kwenye yaliyokuwa mashamba ya pamba karibu na jiji la Phoenix, jimbo la Arizona. Nyumba zake zilikusudiwa wastaafu na wale waliokaribia kustaafu. Wakati huo wajuzi wengi waliamini kwamba hakuna mzee ambaye angekubali kuacha wajukuu, majirani na kanisa alilolizoea ili akaanze maisha upya jangwani.

Webb alifanya jambo ambalo wajenzi wengi hukwepa kulifanya. Kabla ya kumkaribisha mnunuzi wa kwanza, alijenga uwanja wa gofu, maduka, na jumba la burudani lenye bwawa la kuogelea na vyumba vya kazi za mikono. Kwa kawaida mwenye kuuza ploti huonyesha ramani na kusema, "Hapa patakuwa na shule, pale patakuwa na soko." Webb alitaka mstaafu afike na kuviona vitu vyenyewe kwa macho yake. Watu wapatao 100,000 walimiminika siku tatu za mwanzo, magari yakajaa barabarani, na nyumba zaidi ya 200 zikanunuliwa. Mwezi wa Agosti 1962 jarida la Time liliweka picha yake kwenye jalada.

Je, siri ilikuwa nini? Kwa maoni yangu, matangazo ya Sun City yalimwendea mstaafu mwenyewe. Yalimwambia kwamba miaka iliyobaki ni yake: atacheza, ataogelea, atafinyanga vyungu, atachonga mbao, atapata marafiki wa rika lake. Hayakuanza na maradhi. Kwa maneno ya mama yangu, yalimwambia atafanya nini Jumanne asubuhi.

Baadaye kampuni hiyo ilibuni mbinu nyingine ambayo nadhani ni bora kuliko tangazo lolote. Mtu aliyekuwa na shaka alikodishiwa nyumba yenye vyombo vyote kwa wiki moja hivi, akapewa ruhusa ya kutumia viwanja na mabwawa, akaishi kama mwenyeji. Aliulizana na majirani kuhusu maji, joto na gharama. Akipendezwa ananunua, na asipopendezwa anarudi kwao. Majirani wenyewe ndio waliokuwa wauzaji, tena wauzaji wasiolipwa. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo, si kila cha Marekani ni cha kuigwa. Sun City ulikuwa mji wa wazee watupu. Wenye watoto wa umri wa kwenda shule hawakuruhusiwa kuhamia humo. Katika miaka ya 1970, baada ya wakaazi kukataa kwa kura, mara baada ya mara, mikopo ya kujenga shule, mji huo ulitolewa kabisa katika wilaya ya shule iliyokuwa ikiuhudumia. Nilipomsimulia mama habari hizo alitikisa kichwa. "Mahali pasipo na kelele za watoto," alisema, "mimi nitapasikia kama kaburini." Mwalimu wa miaka 34 ungetarajia aseme nini?

Kwa hiyo nikamsimulia habari nyingine, ya mji wa Deventer nchini Uholanzi. Huko kuna makao ya wazee yaitwayo Humanitas. Mwaka 2012 mkurugenzi wake, Gea Sijpkes, aliamua kuwapa wanafunzi wa chuo vyumba vya bure humo ndani. Hawalipi kodi hata senti. Badala yake kila mwanafunzi hutoa saa 30 kwa mwezi za kuwa jirani mwema. Si kazi ya uuguzi, la hasha. Wanatazama mpira pamoja na wazee, wanaandaa sherehe za siku ya kuzaliwa, wanawafundisha kutumia kompyuta, na jioni wanarudi na habari za mjini: nani kamchumbia nani, mtihani ulikuwaje, muziki gani unachezwa. Wanafunzi hao walikuwa sita tu katika nyumba ya wazee wapatao 160, lakini habari zao zilizunguka dunia nzima.

Mkurugenzi huyo hakuhitaji kuchapisha vijitabu ili makao yake yajulikane. Yalitangazwa na maisha yaliyomo, kwa sababu kila mwandishi wa habari alitaka kwenda kujionea kijana wa miaka 20 na ajuza wa miaka 90 wakipiga soga kama mashoga. Nawauliza wenye makao hapa kwetu: pale Kasarani, Juja na Ruiru kuna wanafunzi wangapi wanaokaribia kuacha masomo kwa sababu ya kodi ya chumba? Na kuna wazee wangapi wanaotamani mtu wa kuwasomea gazeti? Hapo pana biashara nzuri na thawabu vilevile.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu, na kwamba Mwafrika mahali pake ni nyumbani kwake mpaka siku ya mwisho. Kaka yangu ni mmoja wao, na namheshimu. Lakini tusome Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 57, kinachotaja haki za wazee. Kinaanza na haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Ya pili ni kuendelea kujistawisha. Ya tatu ni kuishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa. Matunzo na msaada kutoka kwa familia na serikali yanakuja nafasi ya nne. Ajabu ni kwamba vijitabu vya makao huanza na hiyo ya nne, vikaishia hapo hapo. Na sisi watoto tunaojidai kuwatunza wazazi mashambani nasi aghalabu huanzia hiyo ya nne: tunatuma fedha kwa simu, tunalipa msichana wa kazi, tunanunua dawa, tunasema tumemaliza. Mzee aweza kutupwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mama bado yuko Voi. Amekubali kukaa wiki moja katika makao mengine likizo ya Agosti, kwa sharti kwamba sisi watoto tusimwamulie chochote kabla hajarudi. Ameandika maswali yake kwenye daftari. Je, mjukuu anaweza kulala? Je, ataruhusiwa kupika ugali wake akitaka? Je, kuna shule karibu ambako anaweza kwenda kusikiliza watoto wakisoma? Je, ni nani anayeamua saa ya kulala? Bei ameiuliza mwisho, lakini ameipigia mistari miwili, kwa maana ataka kuijua yote, pamoja na yale malipo madogo madogo yanayozuka baadaye. Kaka amesema atamsindikiza. Atasema nini akirudi, sijui.

Kwa wenye makao, ombi langu ni fupi. Andikeni kijitabu ambacho mzee anaweza kukisoma mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi na kwa herufi kubwa. Mwiteni "wewe". Mwonyesheni ratiba ya wiki nzima, si picha ya dirisha. Fungueni milango siku ya Jumapili ili wazee waje wale chakula cha mchana na kuzungumza na wenyeji bila msimamizi kuwasimamia kichwani. Wekeni bei yote wazi. Mkifanya hivyo hamtahitaji kutubembeleza sisi watoto, kwa kuwa wazee wenyewe watatuambia wanapotaka kwenda.

Na kwa familia, kabla hamjaitana kikao cha nne kuhusu mama au baba, kiti kimoja kiwekwe kwa ajili yake, naye awe wa kwanza kusema.