Kutoka Kamalondo Hadi kwa Punda Milia

Hapa Kamalondo, katika mji wa Lubumbashi, kila kijana aijua timu ya Mazembe, iliyoanzishwa na wamisionari Wabenediktini mwaka 1939. Mwaka ule ule ilizaliwa Hifadhi ya Upemba, kaskazini ya mji wetu. Lakini waijuao ni wachache. Huko wamesalia punda milia wa mwisho waishio mwituni katika Kongo, na baadhi ya walinzi wao wameuawa kazini. Baadhi ya vijana wa Ulaya hujitolea, kwa gharama zao wenyewe, wakahesabu wanyama na kutegua mitego kusini mwa Afrika. Je, sisi tuujazao uwanja wa Kamalondo, tuliofika Upemba ni wangapi? Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Mwenyeji asiyelima atampa jembe gani?