Mwongozaji Hatajwi Kerege

Kerege, mbele kidogo ya Mapinga kwa anayetoka Dar es Salaam, hakuna jumba la sinema. Kuna kibanda umiza: mabati, mabenchi, turubai la kuzuia mwanga na runinga iliyotundikwa juu ili hata wa nyuma aone. Siku za mpira ni mpira tu. Siku nyingine zinapigwa picha zilizotafsiriwa, na niliyoikuta mimi ilikuwa Sholay ya mwaka 1975. Kijana wa mlangoni alipokea mia tano yangu, akasema, "Shikamoo mzee, wahi, stelingi wote wawili wameshatoka."

Nikamuuliza nani kaiongoza. "Amitabh," akajibu. Mwenzake akamkatalia, ni Dharmendra. Ramesh Sippy, mwongozaji mwenyewe, hakuwa na wa kumtetea. Pwani hii picha ni mali ya stelingi na adui yake, basi. Enter the Dragon ni ya Bruce Lee. Robert Clouse aliyeiongoza hana shabiki, na kwa huyo siwalaumu.

Unguja mambo ni kinyume. Kwenye tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, mwongozaji hupandishwa jukwaani Ngome Kongwe na kuulizwa maswali. Huko wanalitaja kwanza jina la Amil Shivji, ndipo wafike kwenye Vuta N'kuvute yake ya mwaka 2021, kisha waanze kubishana kama ameitendea haki riwaya ya Adam Shafi. Ni raha kuwasikiliza. Ila nimeona pia watu wenye vitambulisho shingoni wakinyanyuka katikati ya picha kwenda kula Forodhani. Sholay inapita saa tatu, na pale Kerege walionyanyuka walikwenda kujisaidia wakarudi mbio.

Dar es Salaam nayo nitaiandikia mistari michache tu. Drive-in iliyofunguliwa mwaka 1966 kando ya Barabara ya Zamani ya Bagamoyo, ambako familia zilitazama sinema za Kihindi ndani ya magari, ilikuwa pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Siku hizi ukitoa simu upige picha hapo, mlinzi anakufuata.

Nirudi kwenye benchi. Mpenzi wa sinema akiitazama Sholay anamwona Akira Kurosawa nyuma yake: Seven Samurai ya mwaka 1954, wanakijiji wanaowakodi wapiganaji wawalinde na majambazi. Anamwona na Sergio Leone, hasa pale familia ya Thakur, mwajiri wa mastelingi, inapouawa nyumbani kwao. Sippy alichukua kwa Mjapani, akachukua kwa Mtaliano, akatia nyimbo na Gabbar Singh, jambazi ambaye Amjad Khan alimcheza hadi akawafunika mastelingi. Kwenye kibanda mtafsiri naye akaongeza lake. Kwake Ramgarh ilikuwa na mwenyekiti wa kijiji, na watu wa Gabbar walidai ushuru kama mgambo wa soko. Lufufu ndiye aliyevuma kwa kazi hii tangu enzi za kanda za video, na waliomfuata wamejifunza kwake kwamba kutafsiri maneno peke yake hakutoshi. Kwa hesabu yangu picha ile ilikuwa na mwongozaji wa pili, na watu wa Kerege walimjua kwa sauti tu, kabla hajajitaja.

Lakini mwongozaji huyo haogopi kitu kama kimya. Kuna kipande ambapo Jai, mmoja wa mastelingi wale wawili, amekaa jioni akipuliza kinanda cha mdomo, na ng'ambo ya ua Radha, mjane, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemeshani. Sippy na mpigapicha wake, Dwarka Divecha, walikisubiria kipande hicho mwanga wa machweo kwa siku nyingi, maana kila jioni unadumu dakika chache tu. Mtafsiri akaona hapo pana nafasi ya kazi. "Mama anabana LUKU huyo!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nusura nidai mia tano yangu.

Bwana mmoja wa makamo, jirani yangu wa benchi, hakucheka. Aliniinamia akaniuliza kama huyu mwenye kinanda atakuja kumwoa yule mama. Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, "Kaka, wewe tazama tu."