Ukuta Mnene wa Udongo

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nilijenga nyumba Makambako kwa matofali ya saruji. Kuta zilikuwa nyembamba. Mwezi wa Julai baridi ilizidi. Usiku mmoja tuliingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga dirisha. Mtoto wetu alizimia kwa hewa ya sumu ya mkaa. Tulimtoa nje, akazinduka.

Mama alikuja kutoka Njombe. Alisema, "Mwanangu, kwangu mlilala bila jiko."

Kweli. Kuta za mama ni za udongo, tena nene. Mchana hupokea joto la jua. Usiku hulitoa polepole.

Nikajenga chumba cha watoto kwa matofali mabichi, juu ya msingi wa mawe. Paa limetokeza nje ili mvua isilowanishe ukuta.

Ndugu msomaji, jenga ukuta mnene. Usilale na jiko la mkaa ndani.